Kufufua Chevrolet Camaro ya 1967–1969: bati kwanza, breki pili, nguvu mwisho

Miradi mingi ya Camaro za kizazi cha kwanza hukwama njiani kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Mwenye gari huanza na injini kwa kuwa ndiyo inayosisimua. Injini inakamilika, inakaa kwenye stendi ikiwa imefunikwa nailoni, na huko nyuma bodi inaendelea kuliwa na kutu mpaka fedha na hamu vinaisha. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: kwanza bati, kisha breki na miguu (springi, shokapu na mikono inayoshika magurudumu), halafu injini. Ukiufuata, kila hatua itakuachia gari lililo bora kuliko lilivyokuwa, hata kama utalazimika kusimama miezi kadhaa.

Kabla hujatoa hela

Anza na namba ya utambulisho. Ina tarakimu na herufi 13. Ikianza na 124, gari lilitoka kiwandani na V8, yaani injini ya silinda nane. 123 ni silinda sita. Mbili zinazofuata ni 37 kwa lenye paa gumu na 67 kwa la paa la kukunja. Kisha inakuja tarakimu ya mwaka (7, 8 au 9), halafu herufi ya kiwanda: N ni Norwood, Ohio, na L ni kiwanda cha Van Nuys, California. Gari la 1967 lina kibao cha namba hiyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. La 1968 na 1969 linacho juu ya dashibodi, kinaonekana kupitia kioo cha mbele. Kwa magari ya 1968 na 1969 tafuta pia sehemu ya namba hiyo iliyogongwa kwenye bloku, ama kwenye sehemu bapa mbele ya hedi ya kulia, ama karibu na chujio cha oili. Namba zikilingana, injini ni ya gari hilo tangu kiwandani. Katika hali hiyo usikate wala usitoboe chochote: fanya mabadiliko yanayofungwa kwa bolti tu, na injini ya asili uihifadhi ikiwa imepakwa oili. Gari lililokwisha kupoteza injini yake ndilo la kubadilisha bila kusita.

Kisha kutu. Camaro haina chasisi ndefu ya kutoka mbele hadi nyuma. Bodi inajibeba yenyewe, na mbele kuna fremu fupi iliyofungwa kwa bolti. Kwa hiyo sakafu na vizingiti vya milango ndivyo vinavyobeba uzito wote. Chukua sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba uipitishe sehemu ya chini ya paneli za ubavu wa nyuma, kuzunguka matao ya magurudumu na pembe za chini za kioo cha nyuma. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna putii nene. Ndani ya buti inua zulia utazame sakafu na mabonde ya pembeni.

Sehemu inayosahaulika ndiyo ghali kuliko zote: boksi la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, ambalo mafundi huliita kauli. Majani yaliyooza hukaa humo, maji hayatoki, bati linatoboka kutokea ndani. Mimina lita mbili za maji taratibu kwenye matundu yake. Maji yakitiririka kwenye sakafu ya abiria, kauli imetoboka, na kuitengeneza kunahitaji kung'oa fenda, kioo na paneli ya juu. Gari lenye injini iliyokufa na kauli nzima ni bora mara nyingi kuliko gari linalonguruma na kauli iliyooza.

Kuvua

Bolti zote za gari hili ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kutosha itaviringisha kichwa cha bolti, kwa hiyo nunua seti kamili ya inchi kabla ya kugusa kitu. Utahitaji pia spana ya torki, jeki na stendi nne imara, mashine ya kuchomelea ya MIG (inayotumia waya na gesi), grainda, na kompresa.

Piga picha kila kitu kabla hujakifungua, kutoka pande mbili. Bolti za kila sehemu ziwekwe mfuko wake wenye maandishi: si "bolti za mlango", bali "mlango wa kushoto, bawaba ya juu, upande wa nguzo". Vibati vyembamba vilivyokuwa chini ya bolti za mikono ya juu ya mbele vihesabu na uviandike; vinaweka pembe za magurudumu. Usitupe kipande chochote kilichooza hadi kipya kifike na ulinganishe, maana sehemu mpya nyingi huja zikiwa na matundu yaliyohama.

Bolti zinazoshika fremu ya mbele kwenye bodi ni nne, mbili kwenye ukuta wa injini na mbili chini ya sakafu, mbali na mbili za mbele kwenye fremu ya rejeta. Nati zake zimefungiwa ndani ya vijumba vya bati, na kutu hufanya kijumba kizunguke pamoja na nati. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mfululizo, kisha ipashe nati moto, siyo bolti. Ikizunguka hivyohivyo, kata dirisha dogo la bati juu yake, ishike kwa spana, na ulirudishie baadaye kwa kuchomelea. Kulazimisha kwa bomba refu huvunja bolti ndani.

Bati

Usikate sakafu wala kizingiti kabla ya kuifunga bodi. Chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 ndani ya uwazi wa kila mlango, yakipita kwa mshazari, na moja kutoka ubavu hadi ubavu. Bodi ikae sawa juu ya stendi, na milango iwe inafunga vizuri siku ya kuchomelea mabomba hayo. Pima mshazari wa kila uwazi uandike. Bodi ya paa la kukunja isipofungwa hivi huinama katikati, na mlango hautafunga tena.

Kata kutu hadi bati safi linalong'aa pande zote mbili. Kiraka kiwe na unene sawa na cha asili, milimita 0.9 inafaa paneli nyingi za nje. Waya wa MIG wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 kwa kaboni dayoksaidi 25 unakupa moto mdogo unaodhibitika. Acha pengo la kama milimita 1 kati ya kiraka na bati. Weka kitone kimoja, ruka sentimita kumi, weka kingine, na urudi katikati baadaye. Gusa kwa mkono: kama pamoto, ngoja. Anayechora mstari mrefu wa weldi kwenye ubavu wa gari atapata bonde ambalo putii haitaliondoa, kwa sababu weldi inapopoa hujikaza na kuvuta bati lote. Pale kiwanda kilipounganisha kwa nukta, toboa tundu la milimita 8 kwenye bati la juu na ulijaze kwa weldi. Bati lenye zinki lisafishwe kabla, na hewa ipite. Moshi wake unaumiza.

Usipeleke boneti, paa na milango kwenye kupigwa mchanga. Mchanga huligonga bati upande mmoja, linatanuka na kujikunja. Tumia diski ya kuondoa rangi au kemikali, na mchanga ubaki kwa fremu na sehemu nene.

Bati likiwa tupu lipake praima ya epoksi siku hiyohiyo. Putii huja juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa msasa namba 80, isizidi milimita 3. Ikihitaji zaidi, bati halijanyooka. Rudi kwenye nyundo.

Unganisha kila kitu kabla ya rangi

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha gari lililokamilika na lililokarabatiwa mara mbili. Rudisha fremu ya mbele ikiwa na bushi mpya, ukitumia tundu za kupangia zilizo kwenye fremu na kwenye bodi: fimbo iliyonyooka ipite zote mbili kila upande bila kulazimishwa. Kisha panga milango kwa kufuata paneli za ubavu wa nyuma, kwa sababu hizo haziondoki. Baada ya milango zifuate fenda, na boneti iwe ya mwisho. Lenga mapengo ya milimita 4 hadi 5 yanayolingana juu na chini. Pengo lisipokaa sawa, ongeza au punguza vibati juu ya bushi za fremu ya rejeta kabla hujafikiria kukata ukingo.

Weka pia bloku tupu na ganda la giaboksi mahali pake. Ekzosi mpya itagusa boksi la usukani? Boneti inafunga juu ya kabureta na chujio? Matundu, vishikio na njia za nyaya vyote vifanywe sasa. Kuchomelea kishikio kwenye gari lililokwisha pakwa rangi ni kuunguza kazi ya wiki nzima.

Ukiridhika, vua tena. Piga msasa kwa ubao mrefu: 180, kisha 320, na 400 hadi 600 kabla ya rangi. Nyunyiza ukungu wa rangi nyeusi juu ya praima kila awamu. Pale panapobaki peusi ni bonde. Rangi na vanishi zenye kigumuisho zina isosayanati, inayoweza kuharibu mapafu moja kwa moja. Tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usipokuwa nayo, mpe kazi mwenye chumba cha rangi.

Breki

Camaro nyingi ziliondoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne. Dramu hizo zikipata moto hupoteza nguvu, na hilo haliendani na injini unayotaka kuweka. Diski za mbele ndiyo badiliko la kwanza kwa faida. Ukibadilisha, badilisha pia masta silinda na uweke vali ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Bila vali hiyo magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na gari linazunguka.

Mabomba mengi ni ya inchi 3/16. Ya mchanganyiko wa kopa na nikeli yanakunjika kwa urahisi na hayashiki kutu. Miisho yote ikunjwe mara mbili kwa digrii 45. Mkunjo mmoja hupasuka. Fimbo ya pedali ina tundu mbili: la juu ni la breki zisizo na busta (kisaidizi cha pedali kinachotumia mvuto wa hewa wa injini), la chini ni la breki zenye busta. Ukitumia busta na tundu la juu, pedali itakuwa na safari ndefu. Bila busta na tundu la chini, itakuwa ngumu kama jiwe.

Toa hewa kwa kuanzia gurudumu la mbali: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Pedali ikikataa kukaza hata baada ya chupa mbili za mafuta ya breki, angalia kama skrubu za kutolea hewa kwenye kalipa (kishikio kinachobana diski) ziko juu. Zikiwa chini, kalipa ya kushoto umeifunga kulia, na hewa haitatoka kamwe. Mafuta ya DOT 5 ya silikoni usiyachanganye na DOT 3 wala DOT 4.

Miguu

Springi za mbele zina nguvu ya kuua. Tumia kikazio cha springi kutoka ndani, pitisha mnyororo kwenye springi na fremu, na ushushe mkono wa chini kwa jeki taratibu.

Bushi za mpira zina bomba la ndani lililogandishwa kwenye mpira. Kaza bolti zake gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza mikono ikiwa inaning'inia, mpira utabaki umesokotwa muda wote, utachanika mapema, na gari litasimama juu kuliko inavyotakiwa.

Pembe za kiwandani ziliwekwa kwa matairi ya enzi ile. Kwa matairi ya radiali omba kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) ya digrii 3 hadi 5 chanya, kamba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) ya nusu digrii hasi, na magurudumu yakutane mbele kwa milimita 1.5 hadi 3. Usukani utarudi wenyewe na gari halitayumba.

Nyuma, magari yote ya 1967 yana springi ya jani moja. Ikisukumwa na V8 hujisokota kwa umbo la S, kisha ekseli inarukaruka. Weka za majani kadhaa. Mwaka 1968 kiwanda chenyewe kiliweka shokapu moja mbele na nyingine nyuma ya ekseli kwa sababu hiyo.

Injini

Injini ya Chevrolet 350 (ujazo wa inchi 350) ina silinda za kipenyo cha inchi 4.00 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.48. Ikichongwa kwa inchi 0.030 inakuwa ya ujazo wa inchi 355. Usizidi 0.060, kuta hubaki nyembamba na injini huchemka.

Ringi ya juu ipe pengo la inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani 0.016 kwa inchi 4.00. Pengo likiwa dogo, ncha hukutana zikipata moto na kuvunja pistoni. Beringi kuu ziwe na nafasi ya inchi 0.002 hadi 0.0025. Torki, kwa nyutoni-mita (Nm): kepu za beringi kuu Nm 95, konrodi zenye bolti za 3/8 Nm 61, hedi Nm 88 kwa awamu tatu, manifoldi Nm 40. Bolti za hedi za injini hii huingia kwenye njia za maji. Zipake gundi ya kuzuia maji kwenye nyuzi, zote, la sivyo maji yatapanda kupitia bolti na utadhani gasketi imekufa.

Kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali) uwe na kiasi. Kamshafti kubwa mno hupunguza mvuto wa hewa kwenye manifoldi, na busta ya breki inategemea mvuto huohuo. Matokeo ni gari linalonguruma vizuri lisilosimama. Kabureta pia: ujazo 350 ukizidishwa kwa mizunguko 6,000 na kugawanywa kwa 3,456 unapata futi za ujazo 608 kwa dakika, tena kama injini ingejaa kikamilifu. Ya 600 hadi 650 inatosha. Ya 850 itafanya gari lisite kila ukikanyaga kutoka chini.

Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2, distribyuta ikizunguka kufuata saa. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto. Ya 5 na ya 7 zinafuatana kwa kukaa na kwa kuwaka, hivyo nyaya zake zisilale sambamba. Cheche huruka kutoka moja hadi nyingine.

Gia na difu

Giaboksi ya otomatiki ya Turbo-Hydramatic 350 ni imara, ila haina gia ya mwendo mrefu. 700R4, nayo ya otomatiki, ina gia ya nne ya 0.70. Kwa difu ya uwiano wa 3.73 na tairi lenye kipenyo cha inchi 26, kilomita 100 kwa saa ni takriban mizunguko 3,000 bila gia hiyo na 2,100 ukiwa nayo. 700R4 ni ndefu zaidi kwa karibu inchi 3, kwa hiyo kishikio chake hurudishwa nyuma na propela shafti hufupishwa na kusawazishwa upya. Kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi hii hupanga shinikizo la mafuta ndani yake. Ikilegea, klachi za ndani huteleza na kuungua katika safari chache. Iwekwe sawa kabla ya mwendo wa kwanza.

Umeme na upoozaji

Waya wa asili unaopeleka umeme kwenye koili una ukinzani wa makusudi, kwa ajili ya platini (swichi ya kizamani ya kuwashia cheche ndani ya distribyuta). Ukiweka distribyuta ya kielektroniki ya HEI na kutumia waya huo, itapata volti pungufu na injini itakata mizunguko ikipanda. Vuta waya mpya wenye volti 12 kamili. Baada ya rangi, kwangua sehemu za kufungia nyaya za hasi mpaka bati. Nusu ya hitilafu za taa na geji huanzia hapo.

Feni ya mkanda iwe nusu ndani ya kava lake na nusu nje. Hosi ya chini ya rejeta iwe na waya ndani, vinginevyo hujibana mwendo ukiwa mkubwa na joto kupanda ghafla.

Kuwasha

Tumia oili yenye zinki ya kutosha kwa kamshafti ya tapeti bapa, lita 4.7 pamoja na chujio. Toa distribyuta, zungusha pampu ya oili kwa drili na kifaa chenye kola inayoziba njia ya oili kama ganda la distribyuta, mpaka oili itoke juu kwenye roka zote. Jaza bakuli la kabureta. Weka distribyuta kwenye digrii 10 kabla ya kilele cha silinda ya 1, katika kiharusi cha kubana.

Injini ikiwaka ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000–2,500, ikipanda na kushuka kidogo, kwa dakika 20 hadi 30. Isiachwe kwenye mwendo wa chini, kwa kuwa tapeti hulainishwa na oili inayorushwa na krenkishafti, na mwendo mdogo haurushi ya kutosha. Kamshafti inaweza kuliwa ndani ya dakika chache. Ukiona maji yanavuja, zima, tengeneza, endelea ulipoishia. Ikipoa, mwaga oili na ubadilishe chujio. Chana chujio la zamani: vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa na kushikwa na sumaku vinadai kufungua.

Kisha weka muda wa moto: jumla ya digrii 34 hadi 36 kwenye mizunguko 3,000, bomba la vakyumu likiwa limezibwa.

Mwendo wa kwanza uwe mfupi, breki zikijaribiwa kwa kilomita 10 kwa saa, kisha 30. Nati za magurudumu zikazwe Nm 95, na zirudiwe baada ya kilomita 80 pamoja na bolti za fremu ya mbele, za U kwenye springi za nyuma, na za propela shafti.